FUKO UCHI: MNYAMA WA NYIKANI ASIYEWEZA KUISHI PEKE YAKE

Kitendawili!

(Mmeitikia "Tega!" Nimesikia.)

Nina watu themanini, wote wako uchi, wote ni wa mama mmoja, na jua hawalijui.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Garsen? Ahsanteni. Nilikwenda Garsen, nikala wali kwa samaki wa mtoni, nikashiba, nikarudi. Jibu ni fuko uchi.

Tukitajiwa wanyama wa Tana River, sote hukimbilia kiboko, mamba na wale kima wa misitu ya mto ambao watalii huwafuata kutoka mbali. Mwaka huu nimeonelea niwaletee mnyama anayeenea kiganjani. Sababu ya kumchagua ni kwamba nimewahi kumkosea, na ningependa nyinyi msimkosee.

KISA CHA MKEBE

Likizo ya Desemba nilikwenda kumtembelea mjomba wangu ambaye ana duka huko Bangale, kaskazini mwa kaunti yetu, kwenye barabara kuu itokayo Mwingi kwenda Garissa. Sisi wa Garsen tumezoea udongo mweusi unaonata viatuni na mto unaopanda hadi mlangoni. Bangale ni nyika. Udongo ni mwekundu na mgumu kama tofali, miti ni ya miiba, na mvua ikinyesha siku tatu mfululizo watu hushukuru.

Asubuhi moja, mvua za vuli zikiwa zimepita karibuni, mimi na binamu yangu tulitumwa kuchimba mashimo ya nguzo za boma la mbuzi. Mara tukaona mchanga unaruka kutoka ardhini. Puu! Puu! Puu! Palikuwa na kilima kidogo mfano wa mlima wa volkano, na katikati yake tundu linalotema udongo. Binamu akaninong'oneza, "Usikanyage kwa nguvu, atasikia." Tukanyemelea. Yeye akapiga jembe nyuma ya tundu, njia ikazibika, tukamfukua mwenyewe. Tukangoja, tukamnasa na wa pili.

Jamani, sijapata kuona kiumbe kama kile! Hebu fikiria kidole cha mtu aliyefua nguo kutwa nzima, kimekunjamana na kugeuka rangi ya waridi, halafu kidole hicho kiote meno manne marefu. Nikasema moyoni: hawa nitawapeleka shuleni, niwafuge, niwe maarufu bweni zima. Tukawatia katika mkebe wa mafuta ya kupikia, tukawawekea mchanga, ugali, na maji kwenye kifuniko cha soda. Tukauacha mkebe barazani, tukaenda kulala.

Kulipokucha mmoja alikuwa amekufa, baridi kama jiwe. Wa pili alikuwa amejibanza chini ya mwenzake, yu hai kwa shida.

Mjomba alichungulia mkebeni, akatikisa kichwa. "Mpwa wangu," akasema, "huyu hakufa kwa njaa. Mmemtoa kwao. Mrudisheni huyu aliyebaki kabla jua halijawa kali."

Tulimrudisha. Lakini kwa uvivu wetu tulimtia kwenye tundu lililokuwa karibu na nyumba, wala si lile tulilomtoa. Nilidhani tundu ni tundu tu. Niliporudi shuleni nikamweleza mwalimu wetu wa biolojia, naye akanielekeza nikasome. Kumbe tulikosea mara mbili! Mtaona ni kwa nini.

HUYU NI NANI HASA?

Kwanza tuanze na lugha. Neno "fuko" lina maana zaidi ya moja: mfuko mkubwa, na pia mnyama achimbaye chini ya ardhi. Jina hili linatukumbusha kitenzi "fukua", na kwa hakika kufukua ndiyo kazi yake. Wako mafuko wa aina nyingi. Wale wa nyanda za juu wana manyoya mazito na husumbua wakulima wa viazi. Wetu ni fuko uchi, ambaye Wasomali humwita farumfer. Wanasayansi humwita Heterocephalus glaber, jina alilopewa mwaka 1842 na Mjerumani Eduard Rüppell. Makazi yake ni nyika kavu za Pembe ya Afrika na za Kenya yetu, tangu kaskazini hadi upande wa Tsavo. Huko kwingine duniani hayuko, isipokuwa amepelekwa.

Fuko uchi ni mmoja wa wanyama wagugunaji, kama panya, kuchakulo na nungunungu. Urefu wa mwili wake ni sentimita 8 hadi 10 hivi. Uzani wake ni kama gramu 35, yaani hata yai la kuku wa kienyeji huenda likamshinda. Macho yake ni madogo kama vichwa vya pini, hayamsaidii sana. Anachotegemea ni pua, masikio, na nywele chache ndefu zilizotawanyika mwilini ambazo humsaidia kupapasa kuta gizani. Anaweza kukimbia kinyumenyume kwa kasi ile ile ya kwenda mbele.

Maajabu zaidi ni meno. Yako nje ya midomo! Midomo hufunga nyuma ya meno, na hivyo mnyama huchimba kwa meno bila kumeza mchanga. Yale mawili ya chini anaweza kuyatenganisha na kuyakutanisha atakavyo, mfano wa koleo. Karibu robo ya misuli yote ya mwili wake iko kwenye taya. Ndiyo maana udongo uliotushinda sisi kwa jembe, yeye huutafuna tu.

MJI ULIO CHINI YA ARDHI

Tungefukua mji mzima wa mafuko tungekuta njia zenye urefu wa kilomita kadhaa zikijumlishwa. Kuna chumba cha kulala ambako wote hurundikana kama magunia, na kuna chumba cha choo. Ndiyo, wana choo, na kikijaa hukifukia na kuchimba kingine. Kwa kawaida mji mmoja huwa na wakazi sabini au themanini hivi. Kumewahi kupatikana mji uliokaribia wakazi 300.

Utawala ni wa malkia mmoja. Yeye peke yake ndiye azaaye, pamoja na dume mmoja hadi watatu aliowachagua. Mimba huchukua siku 70 hivi. Kwa mkupuo mmoja huzaa watoto kumi na zaidi, na amewahi kuonekana malkia aliyezaa 28. Mwili wake hurefuka kwa sababu mifupa ya uti wa mgongo huongezeka urefu baada ya kushika kiti. Wengine wote, wa kike na wa kiume, ni wafanyakazi na walinzi. Hawazai kamwe maadamu malkia yuko imara. Akifa, majike wakubwa huanza kupigania kiti, na vita hivyo mara nyingi huua.

Kazi zao zinapendeza kutazama. Wakati wa kuchimba hujipanga mstari. Wa mbele hutafuna udongo, wanaomfuata huusukuma nyuma kwa miguu, na wa mwisho aliye mlangoni huupiga teke ukaruka nje. Huyo wa mwisho ndiye aliye hatarini kuliko wote, maana nyoka humvizia pale pale. Na ndiye tuliyemnasa sisi kwa jembe.

Kwa nini waishi hivi? Jibu liko kwenye chakula. Fuko hula viazi vya porini na mizizi minene ya mimea ya nyikani. Viazi hivyo huwa vikubwa, vingine vya makumi ya kilo, lakini viko mbalimbali, na mnyama aliye chini hawezi kuviona. Ni kuchimba kwa kubahatisha. Tena udongo huwa laini kwa siku chache tu baada ya mvua. Mmoja akichimba peke yake atakufa kabla hajagonga kiazi. Themanini wakichimba pande zote, mmoja atabahatika, na kiazi kimoja kinaweza kuwalisha wote kwa miezi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tena wana akili ya akiba: hula nyama ya ndani ya kiazi na kuacha ganda, halafu hujaza udongo, kiazi kikaendelea kukua. Maji hawanywi kabisa. Hutosheka na yale yaliyomo ndani ya kiazi.

Hapa ndipo utakapoelewa kwa nini humpati kwenye mashamba ya mpunga ya Delta. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofanya wakati wa El Niño ya 1997 na tena mwishoni mwa 2023, mji wa namna hii ungejaa maji siku moja.

Uchunguzi uliofichua siri hii ya malkia ulianzia hapa hapa Afrika Mashariki. Bi Jennifer Jarvis alianza kuwachunguza mafuko akiwa Nairobi miaka ya 1960, kisha akaendelea huko Cape Town. Wakati huo huo, Marekani kulikuwa na profesa aitwaye Richard Alexander. Katika miaka ya 1970 alikuwa akifundisha kwamba, kama kungekuwapo mnyama anyonyeshaye anayeishi kama mchwa, angekaa chini ya ardhi kwenye nchi ya joto na kula viazi. Msikilizaji mmoja akamwambia: mnyama huyo yuko! Mwaka 1981 Bi Jarvis alitangaza katika jarida la Science kwamba fuko uchi huishi kwa malkia na wafanyakazi, kama nyuki na mchwa. Hapo ndipo dunia ilipomtambua.

KILA MJI NA LAHAJA YAKE

Wapenzi wa Kiswahili, hapa mtege masikio. Sisi tunajua kwamba Mswahili wa Lamu husema Kiamu, wa Mombasa Kimvita, wa Unguja Kiunguja. Neno moja tu likitamkwa, utajua mwenzio ametoka wapi. Basi na mafuko nao wana lahaja!

Mwaka 2021 wanasayansi wa Berlin na wenzao walitoa matokeo ya kuchunguza sauti za mafuko. Fuko akikutana na mwenzake njiani hutoa mlio mfupi wa kusalimu, kama wa kifaranga. Mlio huo hutofautiana kutoka mji hadi mji. Ukimchezea fuko salamu iliyorekodiwa ya mji wake, huitikia upesi. Ukimchezea ya mji mwingine, haitikii hivyo. Na si kitu cha kurithi damuni. Watoto waliohamishiwa mji mwingine wakiwa wachanga walikua wakizungumza lahaja ya walezi wao. Malkia akitoweka, lahaja hulegea, kila mmoja akaanza kulia kivyake, mpaka malkia mpya ashike usukani.

Pamoja na sauti kuna harufu. Wakazi wa mji mmoja hunuka namna moja. Mgeni mwenye harufu nyingine na salamu nyingine hapokewi kwa chai na mahamri. Hushambuliwa, na mara nyingi huuawa.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Yule wa pili tulimtia katika tundu la watu wasiomjua. Alisalimu kwa lahaja yake mlangoni pa wageni.

MWILI WA AJABU

Panya wa nyumbani akipata miaka mitatu ameishi sana. Fuko uchi, ambaye si mkubwa kumzidi sana, hupita miaka 30! Mwaka 2018 Bi Rochelle Buffenstein na wenzake, waliokuwa na kumbukumbu za mafuko zaidi ya 3,000, walieleza kwamba uwezekano wa mnyama huyu kufa hauongezeki kadiri anavyozeeka kama ilivyo kwetu. Saratani pia ni nadra sana kwake, ingawa si kweli kwamba hapati kabisa, maana mwaka 2016 kulitangazwa wagonjwa wachache.

Tena mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba anaweza kukaa dakika 18 bila hewa ya oksijeni kabisa na asife. Wakati huo mwili huacha kutumia sukari ya kawaida na kutumia fruktosi, ile sukari ya matunda, jambo ambalo ubongo wetu hauwezi. Sababu ni makazi yake. Themanini wakilala chumba kimoja chini ya ardhi, hewa huchafuka.

Ndiyo maana maabara za Ulaya na Marekani zinawatunza kama dhahabu. Wanatarajia kujifunza siri za uzee na magonjwa. Na wengi wa mafuko hao ni uzao wa waliochukuliwa hapa Kenya, wakiwemo wale waliokusanywa miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980.

WANAOWAFUGA HUFANYAJE?

Kwa kuwa wako wanaowafuga katika maabara na bustani za wanyama, nimekusanya kanuni zao. Soma moja moja ukilinganisha na mkebe wetu.

Kwanza, hawafugi mmoja wala wawili. Hufuga mji mzima pamoja na malkia wake.

Pili, joto. Fuko uchi ni mnyama anyonyeshaye, lakini mwili wake hauwezi kushika joto lake wenyewe kama wetu. Hufuata joto la mahali alipo. Chini ya ardhi ni nyuzi 30 hivi mchana na usiku, na wakazi hupashana joto kwa kurundikana. Wafugaji huweka chumba kwenye nyuzi 28 hadi 30 na hawaruhusu kishuke. Mkebe wetu wa bati uliachwa barazani usiku kucha, na wawili hawawezi kupashana joto la themanini.

Tatu, unyevu. Hewa haiachwi ikauke, la sivyo ngozi ile isiyo na manyoya hukauka na kupasuka.

Nne, makazi. Huwajengea mabomba ya plastiki angavu yaliyounganishwa na vyumba: cha kulala, cha chakula na cha choo. Choo hakisafishwi chote kwa wakati mmoja, kwani harufu yake ndiyo kitambulisho cha mji. Ukiifuta yote, unaweza kuzua fujo.

Tano, chakula. Viazi vitamu, karoti, matofaa na mboga nyingine zenye maji. Bakuli la maji halina kazi.

Sita, utulivu. Hawapendi mishindo. Hatua nzito huwatia hofu wote.

Saba, umri. Anayemchukua mnyama huyu ajue huenda akamtunza kwa miaka 30. Mimi nitakuwa nimekwisha kuwa na wajukuu!

BASI, SISI TUFANYEJE?

Huenda mwenzangu mmoja anasema, "Mabomba tutatafuta, viazi vitamu vipo sokoni. Tukafukue mji mzima!" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Wanyamapori wa nchi hii wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na huwezi kuwafuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Usidhani sheria ni ya ndovu na faru pekee. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Kenya iliwatoza vijana wawili Wabelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000. Sisimizi, jamani! Mimi na binamu yangu tulifanya kwa kutojua, lakini kutojua si kinga.

Hata kama sheria isingekuwapo, kuna hoja kubwa zaidi. Mbuzi ukimnunua peke yake atalia siku mbili, kisha atazoea boma jipya. Fuko uchi hana boma jipya. Joto lake liko kwa wenzake, chakula chake kiko kwa wenzake, hata salamu yake haina maana kwa mwingine. Ukimtoa mmoja, hujapata mnyama wa kufuga. Umekata kidole kutoka mkononi.

Lakini unaweza kumtazama, na hilo halina gharama. Ukienda nyikani baada ya mvua, amka mapema. Tafuta vile vilima vidogo vyenye tundu katikati. Keti mbali kidogo, upande ambao kivuli chako hakitaangukia tundu, usikanyage-kanyage. Tulia. Mchanga ukianza kuruka, hesabu mateke. Ukikatika ghafla, ujue amekusikia. Ngoja, atarudi. Mimi nilifanya hivyo likizo iliyofuata kwa asubuhi tatu, na nakwambia ni burudani inayoshinda mkebe. Binamu naye alikuja. Jembe tuliliacha nyumbani.

Mjomba alipotukuta tumeketi mikono mitupu, aliuliza, "Leo hamkukamata?"

"Hapana, mjomba," nikamjibu. "Leo tumekuja kuwaamkia tu."

Akacheka, akavua viatu ili asitoe mshindo, akaketi nasi.

Haya wasomaji, kalamu naiweka chini. Tukijaliwa, tuonane toleo lijalo.

MSAMIATI

Kuchakulo: mnyama mdogo mwenye mkia wa manyoya mengi apandaye miti au akimbiaye chini.
Lahaja: namna ya kusema lugha moja inayotofautiana na mahali pengine.
Mkupuo: mara moja, kwa pamoja.
Mshindo: sauti au mtikisiko wa kitu kizito kikianguka au kukanyaga.
Nyika: nchi kavu yenye vichaka na miti michache.
Nyemelea: endea polepole bila kutoa sauti.